Pasaka ya Kwanza ya Mtoto: Tumtajie Jamaa Zake kwa Majina Yao

Kila mwaka inapokaribia Ijumaa Kuu, magari ya abiria yatokayo Likoni kuelekea Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga hujaa pomoni, na yale yatokayo Mariakani na Samburu kwenda Kinango huwa vivyo hivyo. Waliotawanywa na kazi Mombasa na Nairobi wanarudi kwao. Miongoni mwa abiria hao hakosi mmoja asiyelipa nauli, naye ndiye mgeni wa heshima wa safari nzima: mtoto mchanga aendaye kula, au tuseme kuona, maana kula bado hajui, Pasaka yake ya kwanza mbele ya ukoo.

Katika kumwandalia mgeni huyu tumekuwa hodari mno. Hununuliwa nguo nyeupe na viatu ambavyo hatavitembelea. Hupigwa picha amelala, amekesha, analia na ananyamaza. Kuku huchinjwa kwa ajili yake ilhali yeye chakula chake ni ziwa la mamaye. Hayo yote ni mema, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na maneno mawili. Tangu ashuke garini hadi apande tena, mtoto huyu atapakatwa na watu ishirini au zaidi, na kila apokezwapo mikono mipya ataambiwa, "Huyu ni anko," au, "Huyu ni anti." Basi. Ukoo mzima, wa kuumeni na wa kikeni, wakubwa kwa wadogo, wa damu na wa ndoa, umegawanywa mafungu mawili kama nguo za dukani, za kiume huku na za kike kule.

Mimi nashikilia kwamba mtoto anapotambulishwa hivyo huwa amenyimwa kile hasa alichopelekwa nyumbani kukipata. Na kwa kuwa wasomaji wa safu hii wengi wenu ni walimu na wanafunzi, ambao maneno ya ukoo mmeyafunza au mmeyakariri, naomba tulizungumze jambo hili kwa kituo.

Tuanze na jina la sikukuu yenyewe. "Pasaka" limetufikia kutoka Kiebrania na Kiaramu kwa njia ya Kigiriki, na Biblia ya Kiswahili hulitumia kwa sikukuu ya Wayahudi, nasi twalitumia hata kwa ile ya ufufuko. "Kwaresima" asili yake ni Kilatini, hesabu ya siku 40. Lakini "Ijumaa" ni Kiarabu, siku ya Waislamu kukusanyika msikitini, na Mkristo wa Kiswahili alipotaka jina la siku ya kusulubiwa kwa Yesu aliongeza "Kuu" akatosheka. Ajabu zaidi ni "Jumapili". Maana yake ni siku ya pili ya juma, kwa hesabu inayoanza baada ya Ijumaa. Injili husema ufufuko ulikuwa siku ya kwanza ya juma. Muumini wa Kiswahili huiita siku hiyo ya pili, akaenda kanisani kwa furaha, na hakuna askofu aliyewahi kulalamika. Lugha ilikwisha kuwaketisha watu wa dini mbili kwenye jamvi moja kabla wenyewe hawajaulizwa.

Kwale jamvi hilo linahitajika sana. Wadigo wa mwambao, wa Diani, Msambweni na Vanga, wengi wao ni Waislamu. Waduruma wa Kinango wamo Wakristo, wamo Waislamu, wamo na wanaoshika ya wazee. Shimba Hills wapo Wakamba waliokuja kulima, na karibu na Gasi wapo Wamakonde ambao asili yao ni Msumbiji, waliotambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017. Watu hawa wanaoana. Kwa hiyo sikukuu ya mmoja humfikia mwenziwe, atake asitake.

Hata mwezi wa mbinguni umewahi kulithibitisha hilo. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baadaye, hivyo haitangulii 22 Machi wala haivuki 25 Aprili. Ramadhani nayo hufuata mwezi, ila haingoji msimu; kila mwaka husogea nyuma kwa siku 10 au 11. Zilikutana 1990 na 1991, kisha zikapishana kwa takriban miaka thelathini. Mwaka 2022 Pasaka ya 17 Aprili iliangukia ndani ya mfungo, ikawa hivyo tena 9 Aprili 2023 na 31 Machi 2024. Katika nyumba nizijuazo zenye jamaa wa dini mbili, sufuria ya pilau haikuwa na haraka miaka hiyo. Ilingoja adhana ya magharibi. Waliokuwa watoto wachanga wakati huo waliiona Pasaka yao ya kwanza pamoja na futari, na huenda wasiione tena namna hiyo mpaka wawe wazazi.

Sasa tuchukue mfano wa mtoto ambaye babake ni Mduruma Mkristo wa Kinango na mamake ni Mdigo aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu Msambweni. Mtoto wa aina hiyo hatafutwi kwa tochi. Siku ya Pasaka jamaa wa pande zote mbili wamekuja kumwona. Waduruma wana desturi iliyoandikwa sana na wanaanthropolojia: mtu ni wa koo mbili kwa wakati mmoja, wa kuumeni uitwao ukulume na wa kikeni uitwao ukuche. Wadigo nao walihesabu nasaba kwa upande wa mama. Kabla sheria ya Kiislamu ya mirathi haijakita mizizi, mali ya mwanamume ilimwendea mpwawe, yaani mtoto wa dadaye, wala haikumwendea mwanawe wa kumzaa. Migogoro baina ya wapwa na wana ilizuka mara kwa mara enzi za ukoloni, na wazee hawajaisahau.

Kwa hiyo yule mwanamume wa makamo aliyetoka Msambweni na mfuko wa maembe, anayemtazama mtoto kwa jicho la kummiliki kidogo, si mtu wa kuitwa kwa neno lolote lile. Huyo ni ndugu wa mama. Kwa Kidigo ni aphu, kwa Kiswahili ni mjomba. Aliyeketi kando yake, ndugu mdogo wa baba, ni baba mdogo. Watu wa Mombasa waweza kumwita ami au amu. Mmoja ni mlinzi wa upande wa mama, mwenye sauti katika posa na katika mashauri ya mpwawe. Mwingine ni baba kamili, ambaye babake mtoto akifariki hutarajiwa kusimama mahali pake. Ukiwaita wote wawili anko umemwambia mtoto jambo moja tu, kwamba wana ndevu.

Mfumo huu wa Kiswahili na wa lugha za Kimijikenda una mantiki inayopendeza, na nasikitika kuwa mara nyingi twaufundisha bila kuionyesha. Ndugu wa baba aliye mwanamume kama yeye ni baba. Dada wa mama aliye mwanamke kama yeye ni mama, mkubwa au mdogo. Jinsia ikifanana, uzazi unaendelea, na watoto wao ni ndugu zako. Jinsia ikigeuka, jina nalo linageuka: ndugu wa kiume wa mama ni mjomba, dada wa baba ni shangazi, na watoto wao ni wakoi wako. Zipo jamii ambazo mkoi huweza kuolewa na ndugu hawezi. Kwingine wote ni haramu. Vyovyote iwavyo, lazima kwanza ujue yupi ni yupi. Mmarekani Lewis Henry Morgan alichapisha kitabu kikubwa mwaka 1871 juu ya mifumo ya ujamaa ulimwenguni, na mfumo unaofanana na wetu aliukuta kwa wenyeji wa kwao Marekani. Ni mfumo mkongwe, uliofikiriwa na watu wenye akili zao.

Hapa historia ina kejeli ambayo siwezi kuiacha ipite. "Anko" ametoka kwenye Kiingereza, Kiingereza kilimtoa kwenye Kifaransa, na Kifaransa kilimtoa kwenye Kilatini, ambako jina lake lilikuwa avunculus. Na avunculus, kwa Warumi, alikuwa ndugu wa mama peke yake. Ndugu wa baba alikuwa na jina lake jingine, patruus. "Anti" naye ni kitukuu wa amita, yaani dada wa baba. Kwa maneno mengine, anko alizaliwa mjomba hasa, na anti alizaliwa shangazi hasa! Hata Waingereza wenyewe wa kale walitofautisha. Ndugu wa mama walimwita eam na wa baba fædera, mpaka Wafaransa wa Normandy walipowatawala kuanzia 1066 na maneno ya mabwana yakayafukuza ya wenyeji pole pole. Waingereza, basi, walipoteza majina ya jamaa zao kwa sababu walitawaliwa. Sisi tulitawaliwa tukabaki nayo. Iweje tuyatupe miaka zaidi ya 60 baada ya bendera kushushwa?

Walimu wenzangu watanijibu kwamba maneno haya hayajatupwa, kwani yamo katika vitabu vya Kiswahili vya shule za msingi. Ni kweli yamo. Na mtihani wa KCPE, hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, haukuchoka kuyauliza. Watoto wetu waliyakariri kwa safu: mavyaa ni mama wa mume, bavyaa ni baba wa mume, mkazamwana ni mke wa mwana, mkaza mjomba ni mke wa mjomba, wanyumba ni wanaume waliooa dada wa tumbo moja. Waliyajibu vyema, wakapewa alama, na jioni wakarudi nyumbani kwa anko na anti. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu ni nani mkaza mjomba. Waliinua mikono kwa wingi. Nilipowauliza mkaza mjomba wao anaitwa nani, mikono ilishuka, mmoja mmoja. Wengine hawakujua kama wanaye. Na katika insha, hata za wanafunzi bora, bado twasoma kila mwaka habari za "mjomba wangu, ndugu mkubwa wa baba yangu". Mwanafunzi huyo hajakosea msamiati tu. Anafikiri kwa Kiingereza, kisha anatafuta neno la kufunikia.

Neno la ukoo halifundishiki kama neno la samani. Meza ni meza kwa kila mtu, lakini mjomba wangu ni baba kwa wanawe na shemeji kwa babangu. Jina hilo halimkai mtu mpaka ajulikane yuko mbele ya nani. Ndiyo sababu mahali pa kulifundishia ni pale ambapo watu wenyewe wapo, wakiwa wengi, mtoto akipita mikononi mwao. Krismasi na Idd zafaa pia, lakini Pasaka ina siku nne mfululizo za mapumziko, tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, na kwa Kwale huangukia wakati ambapo mvua za masika zinaanza au zinatarajiwa, watu wamekaa nyumbani na mashamba yao. Nafasi ipo.

Yuko atakayesema kuwa mtoto wa miezi sita haelewi lolote, afadhali tungoje akue. Sayansi ya lugha haikubaliani naye. Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees, huko Kanada, walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliolelewa katika Kiingereza waliweza kutambua tofauti za sauti za Kihindi na za lugha moja ya wenyeji wa Kanada, sauti ambazo wazazi wao hawakuzisikia tofauti yake. Walipofikia miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Sikio la mtoto huanza mapema kuchagua la kubaki nalo. Sasa fikirieni neno aphu. Ile ph ya Kidigo na Kiduruma hutamkwa kwa midomo miwili iliyokaribiana bila kufungana. Kiingereza hakina, wala Kiswahili sanifu hakina. Zipo pia ts na dz, kama katika tsawe, yaani babu. Mtoto aliyebebwa na mjomba wake Msambweni akasikia aphu mara hamsini kwa siku nne hataweza kulitamka, lakini sikio lake limepita mahali ambapo lingeweza lisipite tena. Kwa gharama ya nini? Ya kufungua kinywa tu.

Hofu kubwa ya wazazi, hata hivyo, naijua, na sitaki kuibeza. Ukunda na Diani ni miji ya utalii. Mzazi anayehudumia meza au kusafisha vyumba vya wageni ameona kwa macho yake kuwa anayezungumza Kiingereza vizuri hupanda cheo, akaapa kwamba mwanawe hatahangaika kama yeye. Basi akamwambia mtoto "kamu" na "situ dauni" tangu akiwa na meno mawili. Lakini mtoto hana chombo kimoja cha lugha ambacho Kidigo kikiingia Kiingereza kinamwagika. Watoto wa mwambao huu wamekua na lugha mbili au tatu tangu zamani, nyumbani Kidigo, sokoni Kiswahili, chuoni Kiarabu cha Kurani, shuleni Kiingereza, na hawakuwa wajinga kwa hilo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imelitaka taifa liendeleze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya, na sera yetu ya elimu, tangu ripoti ya Gachathi ya 1976, imetaka madarasa ya chini yatumie lugha ya eneo. Sera zimekaa kwenye makabati. Nyanya aliyeko Kinango hana habari nazo. Ajualo ni kwamba mjukuu ameletwa, naye hana lugha ya kuzungumza naye, amebaki kutabasamu. Nimeliona tabasamu hilo. Ni tabasamu la mtu anayemtazama mgeni wa mtu mwingine.

Wala tusidhani kila mtoto wa Kwale huiona Pasaka yake siku ya Pasaka. Hoteli za Diani hujaa siku hizo hizo, kwani watu wa Nairobi huteremka kwa reli hadi Miritini na kwa ndege hadi Ukunda. Mpishi, mhudumu, mlinzi na dereva hawana likizo. Familia nyingi huifanya karamu Jumanne au Jumatano, baba akiisha kupata siku yake ya mapumziko, na hakuna ubaya. Mashaka yangu ni juu ya kile baba anachokibeba kutoka kazini: sungura wa kitambaa na mayai yaliyopakwa rangi, vitu ambavyo wageni huwafurahisha watoto wao. Sungura twamjua sisi. Ni mjanja, mwizi wa mashamba, aliyemhadaa Fisi na kumkimbia Simba. Katika ngano zetu zote hajawahi kutaga yai. Mwacheni mtoto achezee kitambaa, lakini akiisha kuchezea, nyanya ampe na ngano yenyewe.

Na nyanya ana mengi ya kumpa, jina likiwa la kwanza. Kwa desturi ya Wamijikenda mtoto hurithi jina la babu au la nyanya, na hapo huzaliwa utani mtamu: bibi humwita mjukuu wa kiume "mume wangu", hulalamika kwamba hamletei kanga, na mjukuu wa kike huwa "mke mwenza". Kanisani mtoto huweza kubatizwa jina jingine, maana Pasaka tangu kale ni msimu wa ubatizo, na majina yote mawili hukaa mwilini mwake bila kugombana. Lakini utani huu hauwezekani kwa Kiingereza. Jaribuni kuutafsiri muone jinsi utakavyonuka.

Kwa walimu nina ombi ambalo halihitaji bajeti ya wizara. Shule zifungwapo, badala ya mazoezi ya kunakili msamiati wa ukoo, mwanafunzi apewe daftari tupu. Aende akaandike jina la kila aliyekuja Pasaka, amwite nani, na mtoto mchanga wa nyumba hiyo amwite nani. Aandike kwa Kiswahili, na kwa Kidigo, Kiduruma, Kikamba au Kimakonde ikiwa ndiyo lugha ya nyumba. Kidigo kina kamusi yake, Mgombato, iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na tafsiri ya Kiswahili na Kiingereza. Mwalimu wa Msambweni asiyeijua naomba aitafute. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaorudi Kwale wachukue sauti za wazee kwa simu zao, ambazo kwa sasa nyingi zimejaa nyimbo.

Limebaki swali ambalo huulizwa kila nizungumzapo jambo hili, kwamba ikiwa anko na anti wafukuzwe, je, rafiki wa baba, jirani, au binti anayelea mtoto ataitwaje? Hao wabaki nayo wakipenda. Hawana nasaba ya kupotea, na neno lisilobainisha lolote lawafaa watu ambao hakuna cha kubainisha. Ingawa binti anayelea mtoto, anayelala naye na kumwosha, nadhani angefurahi zaidi kuitwa dada.